Nyumba Iliyovimba Makomeno

9 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana imepiga leo hapa Makomeno, mtaa wetu wa Lubumbashi, na mlango wa chumba cha Zakari umegoma kufunguka. Mdogo wangu amesukuma, ametukana, mwishowe ametokea dirishani na viatu mkononi, suruali ikanasa kwenye komeo. Nimecheka hadi nikashika mbavu. Mama hakucheka. Alikuwa kibarazani na tasbihi yake, akimwangalia Benita, mke wa Zakari, aliyebaki ndani akisubiri kufunguliwa.

"Milango ya ii nyumba ilikuwa inafunguka muzuri," Mama akasema, "mbele ya uyu kuingia."

Profesa Paulin ametuagiza sisi wasaidizi wake wa jiolojia tuandike kila siku, hata mstari mmoja, ili tasnifu zisituozee mikononi. Basi nimeandika. Mvua nyingi, mlango mmoja umegoma.

12 Novemba

Ufa mwembamba katikati ya sakafu ya chumba cha Zakari. Kucha inaingia, kidole hakiingii. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Zakari ameuziba kwa simenti ya kikombe kimoja na ameridhika na nafsi yake.

17 Novemba

Mvua. Tasnifu: hakuna.

24 Novemba

Nisiwe mnafiki, wifi yangu simpendi sana. Anacheka kwa sauti kubwa. Anaonja mboga kwa mwiko kisha anaurudisha mwiko sufuriani. Kwao ni Pweto, kando ya ziwa, na kila mara ndugu zake wakipita mjini hutuachia gunia la samaki wakavu, hata vitabu vyangu vinanuka ziwa. Alisilimu siku ya ndoa akapewa jina la Rehema, ambalo hakuna anayelitumia, yeye mwenyewe akiwemo.

Baba yetu Asumani, Mungu amrehemu, alifariki muda mfupi baada ya arusi yao. Mtoto hawajapata. Hayo mawili Mama ameyaweka moyoni pamoja, na anayatoa kila akipata nafasi. Mimi hunyamaza. Mwanamke wa umri wangu asiye na mume, anayekula kwenye nyumba ya mama yake, hana sauti kubwa katika mambo ya ndoa za watu.

3 Desemba

Ufa umerudi na umeleta wenzake. Leo nimeweka chungwa katikati ya chumba cha Zakari, likabingirika lenyewe hadi ukutani. Nikaliweka tena, likaenda ukuta wa pili. Sakafu imeota kitumbo.

Mchana tunakula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, Mama akasema bila kuinua macho: "Nyumba inavimba. Tumbo ya Benita njo haivimbe."

Benita ameacha tonge mkononi. Nimemtazama Zakari nikisubiri aseme neno. Zakari ameomba aongezewe sombe. Ewe Mola, huyu ndiye mdogo wangu niliyempigania shuleni!

10 Desemba

Leo nitaandika sana.

Umeme ulikatika, mvua inanyesha, nikahamia kibarazani na makaratasi yangu. Benita alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, kwa heshima ya dada mkubwa: "Yaya Rachida, kila siku uko unaandika. Unaandika nini?"

Miaka mitano natafuta shahada hii, na hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza. Zamani mno, kabla hata samaki hawajakuwapo duniani, Katanga hii ilikuwa bahari. Chini ya bahari likalala tope jeusi, juu yake chokaa, kisha chumvi, tabaka juu ya tabaka. Baadaye ardhi ikakunjwa, milima ikainuka. Maji ya chumvi yaliyofungiwa chini yakapata moto, yakazunguka kwenye miamba yakiokota shaba hapa, zinki pale, chuma kila mahali. Yakapanda kwa njia ya nyufa. Yalipofika penye chokaa na lile tope jeusi, yakakutana na salfa, yakashindwa kuendelea na mzigo. Yakautua hapo hapo. Yakaila chokaa, na mahali pa chokaa yakajaza madini, mwamba mzima wa madini na salfa vilivyoshikana, karibu bila jiwe la kawaida katikati. Kazini tunauita sulfure massif. Mahali pengine duniani mwamba wa namna hiyo huzaliwa kwenye sakafu ya bahari yenyewe, pale chemchemi za moto zinapotema maji meusi. Wetu ulizaliwa chini kabisa, gizani, bila hewa.

"Bila hewa," akasema Benita. Mkono umesimama juu ya ungo. "Sasa ile jiwe, kama banaitoa inje, inaona mvua, inafanya nini?"

"Inaoza," nikasema. "Shaba na zinki watu wanachukua. Pembeni kuna pirita, chuma na salfa tupu, inang'aa lakini hakuna anayeinunua. Inatupwa. Ikipata hewa na maji inatoa kutu na asidi. Asidi inakula chokaa iliyo karibu, inageuka jasi, na jasi inataka nafasi kubwa kuliko..."

Nikageuka kuutazama mlango wa chumba chao.

"Benita, chini ya chumba chenu mulijaza nini?"

"Si ni mawe ya Lucien? Cousin yangu, wa lori. Ya mgodi." Akatabasamu. "Ilikuwa inang'aa muzuri, yaya. Watoto ba majirani walikuwa banaiba. Zakari njo alimuomba, alikuwa anamupigia simu kila siku mpaka Lucien akachoka. Wewe ulikuwa ku Kolwezi."

Kweli nilikuwa Kolwezi, kwenye utafiti, mwaka mzima. Niliporudi nilikuta sakafu imekwisha kumwagwa na kupakwa rangi nyekundu.

Lori zima la pirita na chokaa chini ya simenti, na mfereji wa bati unamwaga maji palepale. Mtu angetaka kutengeneza nyumba ya kuvimba, asingeweza kupanga vizuri zaidi.

Nimemkumbatia wifi yangu. Ameshangaa, nami nimeshangaa.

11 Desemba

Nimemwambia Zakari tuvunje sakafu tuangalie. "Nivunje simenti yangu sababu ya makaratasi yako?" Nimemwambia Mama. Amenisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mawe haiotake, haizalake, haivimbake." Akarudi kwenye tasbihi.

29 Desemba

Mvua juu ya mvua. Ufa umepanda ukutani. Zakari ameupaka chokaa.

15 Januari

Sasa ufa umeingia chumba cha Mama. Kizingiti kati ya nyumba ya zamani na chumba cha Zakari kilichoongezwa baadaye kimeinuka kiasi cha ngazi. Mama anakivuka akisoma dua.

Benita hali tena na sisi. Anapika, anapakua, anaenda kukaa kwenye jiko la makaa nyuma ya nyumba. Kule kicheko chake hakisikiki. Jana nilitamani acheke hata kwa ile sauti yake ya kunikera. Nimeenda kukaa naye, tumekula kutoka sufuria moja, kwa mwiko mmoja.

2 Februari

Nimemkuta Mama anampigia simu baba mdogo Idriss, ndugu wa marehemu baba yetu, fundi wa nguo na mkubwa wa ukoo sasa. Alipoona naingia akashusha sauti. Sikupenda.

9 Februari

Mama ameanguka.

Alikuwa anaenda kuamsha watu kwa alfajiri, akasahau kizingiti. Nilisikia kishindo, kisha sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake, sauti ya mtoto. Mguu umelala vibaya, umegeukia nje. Benita ndiye aliyefika wa kwanza. Alipiga magoti, akampakata kichwa, na Mama, pamoja na maumivu yote yale, akamsukuma kwa kiwiko.

Tumempeleka hospitali kwenye gari la jirani. Daktari Donat ametuonyesha picha: nyonga imevunjika. Afanyiwe upasuaji upesi, amesema, mtu wa umri wake akilala hivi damu inaganda, mapafu yanajaa, tunampoteza kwa jambo linalotibika. Kila kitu kiko tayari. Kinachobaki ni yeye kukubali.

Mama amekataa.

"Munganga uyu hatanigusa kama bibi ya Zakari iko mu nyumba yangu," amesema mbele ya daktari, mbele ya Zakari, mbele ya Benita aliyebeba khanga zake. "Atoke kwanza. Kama hatoke, minakufa, na damu yangu iko juu yenu."

Daktari amedhani ni homa. Mimi namjua mama yangu. Si homa.

10 Februari

Nimemwomba, nimemlilia, nimembusu miguu. Amegeuza uso ukutani. Midomo imekauka. Ananiambia niende nikasome.

11 Februari

Nimefanya nilichopaswa kufanya Desemba. Nimechukua sururu ya marehemu Baba nikaanza kuvunja sakafu ya Zakari, peke yangu, khanga ya Mama nimeifunga kiunoni. Simenti ilikuwa laini kwa chini, imeliwa tayari. Harufu ikapanda, ya kiberiti kilichowashwa karibu na pua. Kulikuwa na tope la kutu, na kwenye kila mwanya sindano nyeupe za jasi zimesimama kama manyoya ya kifaranga. Jiwe lililokuwa gumu kuliko nyundo nimelivunja kwa vidole.

Kumbe nilikuwa nacheka. Nilikuwa nimepata ushahidi!

Nikaita ukoo. Baba mdogo Idriss amekuja mchana, na Zakari, na mashangazi wawili. Nimetandika mkeka, nimepanga mawe juu yake. Nimewaeleza yote, bahari, maji ya moto, chokaa, salfa, hewa. Nimechukua jiwe la tasnifu yangu ambalo halijawahi kulowa, nimeliweka kando ya lile lililooza, washike wenyewe. Baba mdogo ameshika, amenusa, ameonja hata kwa ulimi, akatema. Yeye ni mtu wa haki. Alipokuwa ananiangalia niliona ameamini, moyo wangu ukaruka.

"Ni kweli," akasema. "Rachida hasemi bongo, hadanganye. Ni jiwe njo inainua nyumba. Hapana uchawi."

"Alhamdulillah," nikasema.

"Sasa," akasema kwa upole, "ile jiwe, nani aliileta?"

Mashangazi wakamtazama Benita, aliyekaa karibu na mlango.

"Lucien," akasema shangazi mkubwa. "Kijana ya kwabo."

"Zakari ndiye aliyeomba!" nikapiga kelele. "Alimpigia simu kila siku. Zakari, waambie!"

Ndugu yangu alikuwa anaangalia lile shimo. Nilimwona akifikiria. Nilimwona akifika mwisho wa kufikiria.

"Sikumbuke," akasema.

Benita akataja jina lake, "Zakari," mara moja tu, bila hasira.

Baba mdogo amepangusa vidole vyake kwa kitambaa. "Mu Lubumbashi nyumba ni mingi, mutoto wangu. Mawe mubaya ni mingi. Na ile mubaya kabisa ikatoka kwabo, ikakuya kulala chini ya mama yako, ikamuvunja nyonga. Wewe umetuonyesha vile ilifanya kazi. Aksanti. Sasa tunajua muzuri."

Miezi yote hii nilijua nitawaonyesha ni kitu gani. Wao walikuwa wanauliza ni nani. Na mimi, kwa sururu ya baba yangu, nimewachimbulia jibu. Kabla ya leo walikuwa na mashaka tu.

13 Februari

Mama anahema kwa shida. Daktari Donat amenivuta pembeni, amesema kesho, keshokutwa kwa bahati, baada ya hapo hata akikubali hatathubutu kumpasua.

Ukoo umeamua Benita arudishwe kwao. Kwetu mke harudishwi kwa kupakiwa kwenye lori peke yake. Mwanamke wa upande wa mume humsindikiza, wifi mkubwa, na akifika husimama mbele ya baba mzazi na kutaja kosa. Wifi mkubwa ni mimi. Baba mdogo amekuja kuniambia, ameniambia akiwa amevua kofia.

Nimekataa. Nimemwambia Zakari ampeleke mwenyewe, mume ni yeye. Amelia. Amelia kweli, kamasi na yote. "Yaya, fanya vile Mama anataka. Mama atakufa." Alipokuwa analia nikaona amekwisha kupanga mabegi ya mkewe ukutani, makubwa chini, madogo juu.

Jioni nimeketi na Benita jikoni. Nimewaza jambo na nimemwambia. Bila kosa kutajwa, mke hajarudishwa, amekwenda kutembea tu. Basi twende Pweto. Mama akisikia umevuka geti atakubali kupasuliwa. Mimi nikifika kwa baba yako sitataja kosa. Mama akipona tutarudi wote wawili, na mimi nitasimama mbele yao.

Amenisikiliza huku akipuliza makaa.

"Sawa, yaya," amesema. "Mama asikufe sababu yangu."

14 Februari

Tumeondoka asubuhi. Alipakia sufuria zake mwenyewe. Nilimwambia aziache, mtu anakwenda kutembea, sufuria za nini? Akasema Zakari amezitoa nje tayari.

Kabla hatujatoka mjini simu imelia: Mama ametia kidole kwenye karatasi, wanampeleka kupasuliwa. Nimeshukuru Mungu, na nimeona haya kumshukuru.

17 Februari

Lori limezama kwenye tope baada ya Kasomeno. Tumelala juu ya magunia. Mvua haijui kuchoka.

18 Februari

Bado tope. Benita amewapikia abiria wote kwa zile sufuria. Dereva amesema hajawahi kubeba mtu mwenye moyo kama huyu. Nimeinama nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

20 Februari

Kilwa, mji wetu wa ziwani. Mtandao umerudi. Ujumbe wa Zakari: "Operesheni ilienda muzuri. Mama anakula. Anasema usisahau kutaja kosa."

Nimeusoma, nimeufuta. Benita hakuuliza, na mimi sikumwambia.

22 Februari, Pweto

Papa Pierre, baba yake Benita, ni mzee mkubwa wa mwili, macho mekundu kwa moshi wa kukausha samaki. Amenipa kiti kizuri. Amewaita ndugu zake, wamekaa kwenye mabenchi ukutani. Benita amepiga magoti kumwamkia, kisha amekaa chini, karibu na sufuria zake.

"Mama, umetufikia muzuri," mzee ameniambia. "Umetuletea mutoto. Kosa yake ni nini?"

Nimesimama. Nimesema hana kosa. Na kwa kuwa macho yao yote yalikuwa kwangu na nilitaka waamini, nimewaambia yote, tangu bahari ile ya kwanza. Nimewaambia jinsi maji ya moto yalivyotua mzigo, jinsi jiwe linavyooza likitolewa gizani, jinsi sakafu ilivyoinuka. Nimemtaja Zakari aliyeomba mawe akasahau. Nimemtaja Mama na nyonga yake. Nimesema binti yenu hakufanya lolote, amekuja kutembea tu, na nitamrudisha mwenyewe.

Hakuna aliyenikatiza. Nilipokaa, mzee aliziangalia zile sufuria kwa muda mrefu.

"Muntu hakuye kutembea na sufuria," amesema.

Nimeziangalia na mimi.

"Ile ya bahari nimeisikia. Minakuamini. Umeisema muzuri, hata mie nisiyesoma nimeelewa." Hakupandisha sauti. "Mama yako hajue. Bashangazi hawajue. Bwana yake ni mwoga. Wewe ulijua. Mu ile nyumba yote wewe njo ulijua. Na ni wewe umemuleta."

"Papa, umuache," Benita amesema kutoka chini. "Yeye njo alinitetea."

"Nasikia, mutoto wangu. Sasa yeye ajibu."

Nilikuwa na la kusema kuhusu Mama, kuhusu damu na mapafu, nikakumbuka nimekwisha kulisema. Wakati huo chakula kimeletwa, mzee akanyanyua mkono, akasema mgeni anakula kwanza. Nimekula. Ndugu zake wametoka mmoja mmoja. Benita ameitwa ndani na mama yake, na kupitia dirishani nimesikia wote wawili wanalia.

Naandika haya nikiwa bado kwenye kiti chao kizuri, kwa sababu sijui mikono niiweke wapi. Sahani imeondolewa. Mzee Pierre amekaa mbele yangu, mikono magotini, anasubiri jibu.